Nyama na Makaroni Ndani ya Koti la Baba

Wifi yangu ndiye aliyeniletea ile sufuria ya umeme. Aliitoa kwenye boksi kwa madaha, akaiweka mezani, akaanza kunisomesha: unatia nyama asubuhi, unafunika, unawasha, unakwenda zako kazini. Jioni ukirudi umechoka hoi, nyama imelainika yenyewe, unatia makaroni, mnakula. Eti imetengenezwa kwa ajili ya sisi wanawake wa ofisini tusio na muda. Nikamwitikia kwa adabu, maana wifi ni wifi, lakini moyoni nilikuwa nacheka. Hicho kitu mimi nakijua tangu sijang'oka meno ya utoto, tena bila umeme.

Nikaitumia katikati ya wiki, zile siku ambazo bosi anasahau kwamba watu wana makwao. Niliporudi jioni na kufungua mlango, harufu ikanipokea pale pale kizingitini: nyama ya mfupa, tangawizi, nyanya zilizopikwa hadi zikasahau kuwa zilikuwa nyanya. Nikashindwa kuingia. Nikakaa kwenye ngazi na mkoba wangu mapajani, mtu mzima na heshima zangu, nikalia. Wanangu wakatoka wakiniuliza, mama vipi, umefukuzwa kazi? Nikawaambia wakale. Mimi sikula.

Wewe uliyefiwa na baba ukiwa mdogo hutauliza kwa nini. Wengine ngoja niwasimulie.

Tulikuwa tunaishi Msalato, nje ya mji wa Dodoma, vyumba viwili vya kupanga, enzi ambazo Msalato ilikuwa vumbi, miiba na upepo, na mtu angekwambia kutajengwa uwanja wa ndege ungemwuliza amekunywa nini. Baba alikuwa mlinzi wa usiku. Mama alikuwa mhudumu wa ofisi huko mjini, wa kupika chai na kufagia, na Bunge likianza vikao vyake alikuwa anarudi giza limeshaingia. Kwa hiyo mpishi wa nyumba yetu alikuwa Baba.

Watu walimcheka, walimcheka sana. Mwanamume mzima wa Kigogo amekaa kwenye kigoda anamenya vitunguu! Baba hakujali. Alikuwa anasema, "Waache wacheke, harufu ikitoka watanyamaza wenyewe." Na kweli walinyamaza. Alikuwa na chakula chake kimoja alichojifunza kwa masista fulani wa Kitaliano aliowahi kuwalindia nyumba, nyama na makaroni, ila cha kwake alikiongezea tangawizi na karanga za kusaga. Sidhani masista wale wangekitambua. Sisi tulikuwa tunalamba sahani, na mdogo wangu Yona alikuwa anatoboa makaroni moja moja kwa kidole kabla ya kuyala.

Asubuhi Baba alikuwa anarudi na baridi yake, anavua lile koti zito la ulinzi, la kijani, linalonuka moshi na mafuta ya taa, analitundika kwenye msumari, analala. Alikuwa anakoroma hadi bati linaitika. Mama akiwa nyumbani alituonya kila tukipita pale mlangoni: "Msimwamshe baba yenu. Mkimwamsha hakuna chakula." Basi tulikuwa tunanyata. Mchana anaamka, anapika, jioni anavaa koti lake na kwenda. Mimi niliamini kwamba dunia nzima inaishi hivyo.

Kisha Baba akaugua kifua, akapelekwa hospitali, na hakurudi. Walikwenda kumzika kwao Chemba. Mimi na Yona tuliachwa kwa jirani yetu, Mama Halima, kwa sababu watu wazima waliamua kwamba tulikuwa wadogo mno kwa makaburi. Sikuona jeneza, sikuona udongo, na sikulia. Niliambiwa Baba amefariki, nikaitikia ndiyo, kama nilivyokuwa naitikia mambo mengine ya wakubwa nisiyoyaelewa. Wanawake wakawa wananitazama na kunong'onezana kwamba huyu binti ana moyo mgumu.

Msiba ulipoisha shida ikabaki. Mama akienda kazini, nani apike? Kazi hakuweza kuiacha, ndiyo iliyokuwa inatulisha. Mimi alikuwa hajaniruhusu kushika moto. Shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba, alimwambia mbele yetu siku ya kuondoka kurudi Chemba: "Wifi, mimi sikulaumu. Lakini watoto wa kaka yangu hawatalala njaa wakati mimi niko hai. Ukishindwa, ninawachukua, wakakae nami Chemba." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mwanamke wa kilimo, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na akisema jambo linakuwa. Mama akasema, "Sitashindwa, wifi." Usiku ule nilimsikia analia uso kwenye mto wa kulalia.

Mama Halima ndiye aliyemfundisha Mama ule ujuzi wa tenga. Unachukua tenga kubwa, unajaza maganda ya karanga, unaacha nafasi katikati. Alfajiri unachemsha nyama yako kwenye mkaa, na vitunguu, na nyanya, na kila kitu, inachemka sawasawa. Unafunika, unaitoa motoni hapo hapo, unaifunga kwenye nguo nzito, unaitumbukiza ndani ya tenga, unaziba juu. Basi. Joto halina pa kwenda. Linakaa humo humo linapika kutwa nzima, na jioni unakuta nyama inaachia mfupa yenyewe. Unabaki na kazi ya kutia makaroni tu na kuyapa moto kidogo.

Siku ya kwanza Mama alisimama katikati ya chumba na sufuria inafuka, akitafuta nguo nzito. Tulikuwa na blanketi moja na ndilo tulilojifunika mimi na Yona. Akatazama msumari. Akalishusha koti la Baba, akaizungushia sufuria, mikono ya koti akaikutanisha mbele na kuifunga fundo. Akaingiza ndani ya tenga. Kisha akaweka kiganja chake juu ya koti, akasema kwa sauti ndogo, "Haya, Baba Rehema. Tupikie."

Rehema ni mimi. Nilikuwa nimelala nimefumba macho nusu, na nilisikia.

Akatugeukia, akatuonya kwa sauti ile ile ya zamani. "Msifungue. Mkifungua hakuna chakula."

Sasa niambie, mtoto aelewe nini hapo? Nilipotoka shule nilikwenda moja kwa moja kwenye tenga, nikatega sikio. Mle ndani kulikuwa na kitu kinabubujika polepole, kinapumua, kinanyamaza, kinapumua tena. Nilikijua. Ndivyo alivyokuwa anakoroma usingizi unapokaribia kuisha. Nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo, Baba," halafu nikamshika Yona mkono tukatoka kwa kunyata. Jioni Mama akafungua, nyama laini, ladha ile ile. Nani mwingine angeweza kupika bila moto? Nilishangaa tu kwamba Mama anaendelea kulia.

Ninyi mnaweza kucheka. Mimi mwenyewe siku hizi hucheka kidogo. Lakini wiki zile nilikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtu mwenye siri. Nikamweleza Yona, naye hakushangaa hata kidogo, akauliza tu kama Baba atatoka Krismasi.

Arobaini ilipofika, Shangazi akaja na Baba Mdogo kutoka Chemba kugawa nguo. Ndivyo desturi ilivyo: nguo za marehemu hazivaliwi, hazifuliwi, hazitumiwi na mtu hadi siku hiyo, ukoo ukae, mzee wa kanisa aombe, kila nguo ipewe mwenyewe. Anayepewa nguo kubwa amepewa nafasi ya marehemu. Hawezi kuikataa, akiikataa amemkataa ndugu yake. Ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa amepika alfajiri kwa ajili ya wageni, akafunga sufuria kama kawaida, tukaenda kanisani. Kwa uchovu alionao, nadhani alikwishasahau kwamba kile anachofungia sufuria kina wenyewe.

Maombi yakaisha. Shangazi akafungua begi, akatoa shati moja moja, akayapanga kwenye mkeka. Suruali. Viatu. Kofia. Akainua kichwa.

"Koti liko wapi?"

Mama akaanza kukunja upya shati lililokwisha kukunjwa.

"Wifi, koti la kaka yangu liko wapi? Umeuza?"

"Sijauza. Lipo."

"Lipo wapi?"

Mama akaelekeza kwa kidevu tu. Shangazi akainuka, akaenda kwenye kona, akaondoa kifuniko cha tenga, na mvuke ukamvaa usoni. Akaona ule mkono wa kijani, fundo, sufuria. Alirudi nyuma akashika kifua.

"Jamani! Nguo ya marehemu haijaombewa, haijagawiwa, umeifanya ya kushikia sufuria? Wewe mwanamke una akili timamu? Kaka yangu umemfungia jikoni?"

"Nilikuwa sina kingine, wifi. Nisamehe. Watoto wanakula kwa hilo koti."

"Wanakula kwa koti! Ndiyo maana nasema umeshindwa. Nilijua. Umeshindwa, na hutaki kusema."

Shangazi aliifungua ile mikono ya koti, akaitoa sufuria, akalikung'uta koti maganda ya karanga yakaruka chumba kizima, na akamvika Baba Mdogo mabegani palepale. Baba Mdogo alikuwa mtu mpole, mchunga mbuzi, sura yake na ya Baba ni moja, ila yeye mwembamba. Koti lilimmeza. Alisimama ndani yake, anatazama chini, na jasho la mvuke linamtiririka shingoni.

Nikamwendea, nikashika pindo. "Baba Mdogo, usilichukue. Ukilichukua, nani atatupikia?"

Mzee wa kanisa akakohoa. Shangazi akaniuliza, "Unasema nini, mwanangu?"

"Baba ndiye anayetupikia. Yumo humo. Shangazi nakuomba, akienda tutakula nini? Utatupeleka Chemba, na Mama atabaki peke yake!"

Mama alifunika uso kwa khanga. Nilitegemea atasema kitu, yeye ndiye aliyekuwa anaongea naye kila alfajiri, yeye ndiye shahidi wangu! Alipofunua uso alimtazama Baba Mdogo, akamwambia, "Lichukue, shemeji. Ni haki yako." Nilimchukia Mama yangu saa ile. Sijawahi kumchukia hivyo tena.

Baba Mdogo aliondoka mchana ule ule kuwahi gari la Chemba. Nilimfuata barabarani, vumbi tupu, ninalia bila sauti, ninalivuta koti kwa nyuma. Akasimama, akachuchumaa, uso wa Baba ndani ya koti la Baba. "Rehema, mwanangu, ningekuwa na uwezo ningekuachia. Nikiliacha, nimemtupa kaka yangu. Unanielewa?" Sikumwelewa. Akanipangusa kwa mkono wa koti, harufu ya moshi na nyama ikanijaa puani, akainuka akaenda. Kwa nyuma alikuwa Baba kabisa anaelekea kazini, na hakugeuka. Nilikaa chini katikati ya barabara mpaka Mama Halima akaja kunibeba.

Shangazi yeye hakuondoka. Alimwambia Mama waziwazi: "Nitalala hapa. Kesho nitaona kwa macho yangu watoto wanakula nini, saa ngapi. Nikiona wanateseka, keshokutwa ninaondoka nao." Mama akasema sawa.

Alfajiri nikaamka mapema. Mama alikuwa amesimama pale pale, sufuria inafuka, anatazama ule msumari mtupu. Kisha akavua sweta lake alilokuwa amelivaa, akafungia sufuria. Akaongeza doti yake ya khanga ya kwendea kanisani, zote mbili. Akachukua gunia. Akatumbukiza tengani, akaziba. Nikangoja aseme yale maneno. Hakusema. Alikwenda kazini na blauzi nyepesi katika upepo ule wa Dodoma wa mwezi wa saba, mnaujua wenyewe ulivyo, na hakuwa ameongea na mtu.

Nikajua haitaiva. Ingeivaje?

Shuleni sikumbuki kilichofundishwa. Nilikuwa nasali chini ya dawati, na sala yangu ilikuwa inagongana yenyewe. Nilisema, Mungu, naomba isiive, wajue, wamrudishe Baba. Halafu nikakumbuka kwamba isipoiva tunapelekwa Chemba na Mama anabaki peke yake na msumari wake. Nikasema, Mungu, naomba iive. Halafu nikafikiri, ikiiva bila yeye... na hapo nilisimama, sikutaka kufika mbele ya hapo. Nikarudi mwanzo. Isiive. Iive. Mwalimu aliniuliza kama ninaumwa, nikasema ndiyo, tumbo.

Nyumbani nikatega sikio kwenye tenga. Kimya. Nikabana pumzi. Kimya kabisa. Nikaita polepole, "Baba?" Hakuna aliyekoroma humo ndani. Shangazi alikuwa ameketi mlangoni anachambua mlenda, ananitazama.

"Hivi humo kweli kunapikika?" akauliza. "Moto uko wapi? Mimi tangu kuzaliwa sijaona."

"Leo hakupikiki, Shangazi."

"Nifungue nione?"

"Usifungue." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilikaa nimeegemea tenga, mgongo wangu ukaliziba, na Shangazi akaacha. Jua likazama, Yona akaanza kulia njaa, Shangazi akabandika maji ya ugali motoni huku anaguna. Kila dakika nilisikia miguu ya Mama na haikuwa ya Mama.

Mama alifika giza limeingia, midomo imekauka kwa baridi, mkononi pakiti ya makaroni. Hakusalimia vizuri. Alipiga magoti mbele ya tenga, akatoa gunia, akafungua khanga ya kwanza, ya pili, sweta. Shangazi alisimama juu yake na kibatari. Mama akafunua.

Mvuke ulipanda mpaka kwenye bati. Mama akaingiza mwiko, akagusa kipande, na nyama ikaachia mfupa na kuanguka yenyewe ndani ya mchuzi. Akacheka! Tangu msiba sikuwa nimemwona anacheka. Akatia makaroni, akaweka motoni, muda si muda tukawa tumekaa chini na sahani zetu. Shangazi alikitazama chakula kwa mashaka, akauliza hivi vipande vya mpira wa baiskeli vinatafunwa au vinamezwa, akaonja. Akala. Akanyoosha sahani aongezwe. Kisha akapangusa mdomo, akasema, "Wifi, hujashindwa. Watoto watakaa na mama yao."

Mama aliinama akalia kidogo kwa furaha. Mimi nilikuwa na tonge la kwanza mdomoni. Lilikuwa laini. Lilikuwa tamu, na tangawizi, na karanga, vilevile, hakuna kilichopungua. Nililitafuta mle ndani kosa lolote, ugumu kidogo, harufu ya ubichi, chochote. Hakikuwepo. Sahani ikanitoka mkononi.

"Umeungua?" Mama akaniuliza. "Rehema, umeungua wapi?"

"Imeiva," nikasema.

"Ndiyo mama'ngu, imeiva. Tunakaa wote. Umesikia Shangazi alivyosema?"

"Mama, imeiva. Imeiva bila Baba."

Na kile kilio kilichokuwa kimegoma kutoka siku zote za msiba kikatoka. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, Mama Halima akatoka nje kwake kuuliza kuna nini. Mama akabaki na mwiko mkononi, mdomo wazi, furaha yote imemtoka usoni. Shangazi ndiye aliyenifikia kwanza. Alinipakata na ukubwa wangu ule, akanikandamiza kifuani, akasema, "Lia, mwana wa kaka yangu. Lia, alikuwa hajaliliwa na wewe." Kisha naye akashindwa, na Mama akaja akatuangukia, tukalia wote watatu pale chini, moto unazima. Yona peke yake ndiye aliyeendelea kula.